Programu ya DOS inayosubiri na kichakataji kisichopumzika

Swali: "Nina programu ya hesabu za ghala niliyoiandika kwa Turbo Pascal miaka mingi iliyopita, na bado inatumika kila siku. Sasa inaendeshwa ndani ya kompyuta pepe ya VirtualBox yenye FreeDOS. Hata menyu ikiwa imesimama tu ikisubiri mtu abonyeze kitufe, kiini kimoja cha kichakataji kinafanya kazi kwa asilimia 100, feni inavuma, na betri ya kompyuta ya mkononi inaisha upesi. Nimesikia habari za HLT, za katizo 28h na za FDAPM. Msimbo chanzo ninao. Nifanye lipi, na nitajuaje kwamba sijaharibu kitu?"

Jibu:

Ndugu msomaji, kwa kuwa msimbo chanzo unao, dawa iko mikononi mwako: kitulize kichakataji pale pale ambapo programu yako inasubiri, wala usiiachie kazi hiyo programu nyingine iliyokaa pembeni na kubahatisha. Kabla ya kugusa msimbo, hata hivyo, yafaa tuanze na namna programu za DOS zinavyosubiri, maana makosa mengi katika jambo hili hutokana na mtu kutia HLT, amri ya kukisimamisha kichakataji, kabla hajajua ni kitu gani kitakachokuja kukiamsha kichakataji.

DOS, mfumo endeshi wa zamani, ilitungwa kwa ajili ya kompyuta yenye mtumiaji mmoja na kazi moja kwa wakati. Programu ikishaanza, kichakataji chote ni chake, na hata isipokuwa na la kufanya hakuna mwingine wa kumpisha. Ndiyo maana sisi tulioandika programu wakati ule tuliandika "repeat until KeyPressed" bila wasiwasi wowote. KeyPressed ya Turbo Pascal huita katizo 16h (katizo ni wito unaokatisha kazi ya kichakataji ili huduma fulani itolewe) la BIOS, programu ya msingi ya mashine yenyewe, rejista ya AH ikiwa na 01h, ili kuuliza kama kuna kitufe katika bafa, yaani foleni ya vitufe ambavyo bado havijasomwa. BIOS hujibu kwamba hakuna, kitanzi huuliza tena, na mazungumzo hayo hurudiwa maelfu kwa maelfu ya mara katika sekunde moja. Kwa 8088 ya IBM PC ya mwaka 1981 hapakuwa na hasara, kwa kuwa kichakataji kile kilikula umeme karibu ule ule, kiwe kinakokotoa au kinazunguka bure. Hali ilibadilika vichakataji vilipoanza kupunguza matumizi kila vinapoamriwa kusimama, kama zilivyofanya Intel 486 za kundi la SL Enhanced za mwaka 1993, na ikabadilika zaidi pale kompyuta nzima ilipogeuka kuwa programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine. VirtualBox haiwezi kutambua kwamba kitanzi chako ni cha kusubiri. Inachokiona ni amri halali zinazofuatana bila kikomo, nayo inazitekeleza zote.

HLT ni amri ya baiti moja, F4h, iliyokuwapo tangu 8086. Hukisimamisha kichakataji mpaka katizo la kifaa litakapofika, na katizo hilo likishahudumiwa, utekelezaji huendelea na amri inayoifuata HLT. Ndani ya kompyuta pepe amri hiyo ina faida ya ziada: VirtualBox inapoikuta huelewa kwamba mgeni wake hana kazi, basi hulala na kuiachia kompyuta mwenyeji kiini kile hadi kuwe na katizo la kumpelekea mgeni. Katizo lisilokosekana katika DOS ni la saa, yaani IRQ0. Saa hiyo hupigwa mara 1,193,182 kwa sekunde na kugawanywa kwa 65,536, kwa hiyo hukatiza mara 18.2 hivi kwa sekunde, sawa na mara moja kila milisekunde 55. Kitanzi chako kilichokuwa kikizunguka maelfu ya mara kitazunguka mara kumi na nane tu.

Hapa wengi huingiwa na hofu kwamba mtumiaji atabonyeza kitufe na kungoja milisekunde 55 kabla ya programu kuitikia. Sivyo. Kibodi ina katizo lake, IRQ1, ambalo humwamsha aliyelala mara moja bila kungoja mdundo wa saa. Na kipanya cha PS/2 nacho kina IRQ12. Menyu itaitikia kama ilivyokuwa ikiitikia siku zote. Kinachocheleweshwa hadi mdundo ujao ni mambo yale tu ambayo hayana katizo, na hayo nitayarudia.

Sharti la kwanza la HLT ni kwamba makatizo yawe yameruhusiwa. Ukitoa CLI, amri ya kuyazima makatizo, kisha HLT, umekizima kichakataji: hakuna saa wala kibodi itakayokiamsha, na itakubidi uianzishe upya kompyuta pepe. Sharti la pili ni jembamba zaidi. Tuseme programu imeuliza kama kuna kitufe, ikajibiwa hakuna, na katika upenyo ule kati ya jibu na HLT mtumiaji akabonyeza. Katizo la kibodi limekwisha kuhudumiwa, kitufe kimo ndani ya bafa, lakini programu yako inakwenda kulala ikiamini kwamba hakuna kitu. Katika DOS madhara yake ni madogo, kwa sababu saa itaiamsha ndani ya milisekunde 55, ila kitufe kimoja kimoja kitaonekana kuwa kizito bila sababu inayojulikana. Njia safi ni kuzima makatizo, kuangalia bafa, kisha kutoa STI, amri ya kuyaruhusu tena, na HLT zikifuatana bila amri yoyote katikati. Kichakataji cha Intel hakipokei katizo mara tu baada ya STI. Hungoja amri moja inayofuata ianze kutekelezwa, kwa hiyo hakuna upenyo kati ya hizo mbili.

Usiangalie bafa hiyo kwa katizo 16h, maana BIOS nyingi hutoa STI zenyewe pindi zinapoingia katika huduma hiyo, na ulinzi wote uliouweka kwa CLI unapotea. Soma kumbukumbu moja kwa moja: katika anwani 0040:001A kuna kielekezi cha kichwa cha bafa, na katika 0040:001C kuna cha mkia. Vikiwa sawa, bafa ni tupu. Kwa Turbo Pascal 6.0 au 7.0, ambazo zina lugha ya asembli ndani yake, utaratibu wote ni huu:

procedure Pumzika; assembler;
asm
    mov  ax, 1680h
    int  2Fh
    or   al, al
    jz   @mwisho
    mov  ax, 40h
    mov  es, ax
    cli
    mov  ax, es:[1Ah]
    cmp  ax, es:[1Ch]
    jne  @kipo
    sti
    hlt
    jmp  @mwisho
@kipo:
    sti
@mwisho:
end;

function SubiriKitufe: Char;
begin
  while not KeyPressed do Pumzika;
  SubiriKitufe := ReadKey;
end;

Mistari minne ya kwanza ya Pumzika yahitaji maelezo. Katizo 2Fh lenye AX ya 1680h ni ombi la heshima: programu inauambia mfumo ulio juu yake, kama upo, kwamba inaachia zamu yake iliyobaki. Windows 3.x katika hali ya 386 na Windows 95 zinalielewa ombi hili, na AL ikirudi ikiwa sifuri maana yake limepokelewa. Isipobadilika, yaani ikibaki 80h, hakuna wa kulipokea, na hapo ndipo tunapotumia HLT. Nimeliweka mbele kwa sababu palipo na msimamizi ni afadhali yeye apange zamu kuliko programu kujisimamisha bila kumwarifu. Onyo moja tu: katika DOS za zamani kabla ya toleo la 3.0, anwani ya katizo 2Fh inaweza kuwa sifuri tupu, na kuliita ni kuiangusha kompyuta. Kwa FreeDOS yako hatari hiyo haipo. Vitufe vya mishale, ambavyo ReadKey huvirudisha kwa sehemu mbili, navyo havisumbuliwi na SubiriKitufe, kwa kuwa KeyPressed inajua kwamba sehemu ya pili bado haijachukuliwa.

Sasa tuje kwenye jambo ninalotaka ulizingatie kuliko yote, nalo ni mahali pa kuiita Pumzika. Iite pale tu ambapo programu haina kazi nyingine kabisa. Ukitafuta neno KeyPressed katika msimbo wako utalikuta katika sehemu za aina mbili, zinazofanana kwa sura lakini zenye kazi tofauti. Aina ya kwanza ni ya menyu na fomu, ambako programu haiendelei mpaka kitufe kibonyezwe. Aina ya pili ni ya kazi ndefu, kwa mfano kujumlisha hesabu za mwisho wa mwezi, ambako programu baada ya kila rekodi huchungulia kama mtumiaji amebonyeza Esc ili kuikatisha kazi. Ukiweka Pumzika katika aina ya pili, kila rekodi itangoja mdundo wa saa. Kazi ya rekodi 40,000 iliyokuwa ikimalizika kwa sekunde chache itachukua 40,000 kugawanya kwa 18.2, yaani sekunde 2,198, ambazo ni zaidi ya dakika 36. Kichakataji kitaonekana kimetulia vizuri sana huku mtumiaji akiwa amekata tamaa. Kwa hiyo pitia kila KeyPressed kwa macho yako mwenyewe. Usitumie amri ya kubadilisha maneno yote kwa pamoja.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya nisizitegemee sana programu wakazi, zile zinazokaa kwenye kumbukumbu na kujaribu kutambua kutoka nje kama programu yako imekaa bure. FDAPM, ukiiita kwa amri FDAPM APMDOS, ni ya kundi hilo, na POWER.EXE iliyokuja na MS-DOS 6 mwaka 1993 ilifanya kazi ya namna hiyo. Programu ya aina hii huweza tu kuona maulizo ya kibodi yakipita. Yakiwa mengi na hakuna jambo jingine linalotendeka, inakisia kwamba ni kusubiri. Kwa kawaida inakisia vizuri, na kwa mtu asiye na msimbo chanzo ni msaada mkubwa ambao ningempendekezea bila kusita. Lakini kisio linabaki kuwa kisio, na kazi ndefu inayochungulia Esc mara kwa mara ndiyo inayoweza kulipotosha. Programu yako inajua. Ya nje inadhani.

Kuhusu katizo 28h, pengine umeshauriwa kwamba hilo ndilo katizo la kutokuwa na kazi, na kwamba inatosha kulinasa na kutia HLT ndani yake. Ni kweli kwamba DOS hulitoa inapongoja herufi katika huduma zake za 01h hadi 0Ch, na PRINT ya DOS hulitumia kupata nafasi ya kuchapisha huku mtumiaji akiendelea na mambo yake. Lakini angalia programu yako inavyosoma kibodi: yuniti ya Crt ya Turbo Pascal, yenye KeyPressed na ReadKey, haipitii DOS, inakwenda moja kwa moja kwa BIOS. DOS haijui kamwe kwamba unasubiri, basi 28h haitolewi hata mara moja menyu inapokuwa imesimama. Kwa sababu hiyo hiyo mstari wa IDLEHALT=1 katika FDCONFIG.SYS ya FreeDOS, ambao huifanya kerneli yenyewe ipumzike inaposubiri, utaituliza kompyuta pepe ukiwa kwenye alama ya amri, na utashangaa kwamba programu ikianza tu mzigo unarudi palepale. Uweke mstari huo hata hivyo, kwa kuwa haugharimu kitu. Ikiwa unatumia programu mkazi zinazotegemea 28h, ongeza "int 28h" mwanzoni mwa Pumzika. Ni adabu njema ambayo programu za Crt huinyima mashine.

Kuna sehemu mbili ambazo SubiriKitufe haizifikii. Ya kwanza ni Readln. Ukiwa na Crt, Readln husoma vitufe kwa kungoja ndani ya katizo 16h lenye AH ya 00h, na BIOS ya kompyuta pepe isipolala humo, mzigo utapanda kila mtu anapojaza fomu. Andika utaratibu wako wa kusoma maneno herufi kwa herufi kwa kutumia SubiriKitufe; kwa fomu za ghala hauzidi mistari ishirini, na unakupa nafasi ya kukataa herufi katika sehemu ya tarakimu. Ya pili ni Delay. Hiyo ni kitanzi tupu kinachopimwa programu inapoanza, na kipimo chenyewe ndicho kilichosababisha kosa maarufu la 200 (Runtime error 200) katika kompyuta zenye kasi. Badala yake hesabu midundo ya saa: soma neno lililo katika 0040:006C, toa STI na HLT, soma tena, na kila thamani inapobadilika ongeza moja. Hapa usiiite Pumzika, kwa sababu kukiwa na kitufe ndani ya bafa haitalala, na kitanzi kitazunguka bure. Vilevile usiandike sharti la kungoja hadi thamani izidi ile ya mwanzo kwa kiasi fulani, kwa kuwa hesabu hiyo hufika midundo 1,573,040 kwa siku na kuanza tena sifuri usiku wa manane. Programu inayongoja thamani isiyokuja kamwe hukwama, na mwenye programu huanza kutafuta kosa mahali pengine kabisa.

Umeandika kuhusu ghala, kwa hiyo nadhani huenda una kisoma msimbopau kilichounganishwa kwa mlango wa serio (serial port). Hapo uwe mwangalifu sana. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi 960 hupita kwa sekunde, yaani takriban 53 ndani ya mdundo mmoja wa saa. Ikiwa programu yako inauchungulia mlango huo kwa zamu bila kutumia katizo, ikilala kwa mdundo mmoja itakuta karibu kila kitu kimepotea, maana chipu ya 8250 huhifadhi baiti moja tu, na hata 16550 huhifadhi 16. Tengeneza kwanza usomaji wa mlango kwa katizo, IRQ4 kwa COM1 au IRQ3 kwa COM2, ukiweka baiti katika bafa yako mwenyewe. Baada ya hapo kila baiti itamwamsha aliyelala, na HLT haitakuwa na madhara. Badilisha pia sharti la Pumzika ili liangalie bafa hiyo pamoja na ile ya kibodi kabla ya kulala. Ikiwa kisoma msimbopau kinajifanya kibodi, kama vilivyo vingi, huhitaji kufanya lolote.

Jambo jingine linalozuia HLT ni hali ambayo kichakataji kimo. Ni amri ya wenye mamlaka ya juu kabisa tu. Ukipakia EMM386, msimamizi wa kumbukumbu wa DOS, programu zako zinaendeshwa katika hali pepe ya 8086, na HLT hugeuka kuwa kosa namba 13 linalopelekwa kwa msimamizi huyo, naye ndiye anayeamua kama atakilaza kichakataji kweli au ataipuuza tu. Kama ghala lako linatosha katika kilobaiti 640, jaribu kuanzisha mfumo bila EMM386 na ulinganishe. Walioandika kwa DJGPP, kikusanyaji cha lugha ya C kwa DOS, wako katika hali ya ulinzi chini ya DPMI, msimamizi wa programu za hali hiyo, ambako HLT kwa kawaida itaiangusha programu; wao watumie __dpmi_yield, ambayo ndiyo hilo hilo ombi la 1680h.

Kikomo cha matumizi ya kichakataji ambacho VirtualBox hukuruhusu kukiweka katika mipangilio yake sikipendekezi. Kinapunguza zamu za mgeni wakati wote, akiwa na kazi au asipokuwa nayo, hivyo feni itanyamaza na hesabu za mwisho wa mwezi zitakuwa taabu. Kwa DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu yenyewe hupanga idadi ya amri kwa kila milisekunde. Ukiipunguza kwa Ctrl na F11 hadi menyu bado iwe nyepesi, mzigo utashuka hata kabla hujagusa msimbo.

Kuhakikisha kwamba umefaulu, usitazame asilimia za kompyuta mwenyeji peke yake. Weka kwa muda kihesabio ndani ya kitanzi cha SubiriKitufe, na kila neno la 0040:006C linapobadilika kionyeshe katika kona ya skrini kisha ukirudishe sifuri. Kabla ya mabadiliko utaona tarakimu kubwa isiyotulia. Baada yake inapaswa kuwa 1, na kuruka hadi 2 au 3 unapobonyeza kitufe au kukisogeza kipanya. Ikibaki kubwa ingawa Pumzika inaitwa, basi ama kuna programu mkazi inayojibu 1680h kwa sifuri bila kulala, na hapo ondoa ile mistari minne ya kwanza, ama EMM386 inaimeza HLT. Ikiwa 1 lakini kiini bado kiko juu, tafuta Readln au Delay uliyoisahau. Kisha endesha hesabu za mwezi mmoja kwa programu ya zamani na kwa mpya, ukipima muda kwa saa. Zikitofautiana kwa zaidi ya sekunde chache, Pumzika imeingia mahali pasipo pake, na KeyPressed iliyo karibu na neno Esc ndiyo ya kwanza kuikagua.